KILA KIJIJI CHA RUFIJI KIWE NA DAFTARI LA MAFURIKO

Mwezi wa Aprili 2024 Mto Rufiji ulitoka katika kingo zake ukaenea bondeni, katika wilaya ya Rufiji na katika wilaya ya Kibiti. Mashamba yalizama, nyumba zilibomoka, na maelfu ya ndugu zetu waliondoka na vile walivyoweza kubeba mikononi. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba katika nchi nzima mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yamekwisha kuua watu 155.

Mara maji yalipofika, ubishi ulizuka. Wengine walisema sababu ni bwawa jipya. Serikali ikajibu kwamba sababu ni mvua, na kwamba bwawa limezuia maji mengi ambayo yangeleta hasara kubwa zaidi. Watu walibishana barazani, sokoni na magazetini. Kisha maji yakapungua, na yalipopungua ubishi nao ukapungua, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Sisi leo hatukusudii kuufufua ubishi ule. Tunataka kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu lilistahili kutangulia. Katika kijiji chako, maji yalifika wapi? Yalifika kwenye mwembe upi, kwenye ukuta wa nyumba gani, kwenye ngazi ya ngapi ya shule? Na mwaka 1998 yalifika wapi? Na mwaka 1974? Nani anajua, na jambo hilo limeandikwa wapi?

Ukiuliza hivyo katika vijiji vingi vya bondeni utapata mzee mmoja au wawili wanaokumbuka. Lakini ukiomba kuonyeshwa kitabu, hutaonyeshwa kitu. Ofisi ya kijiji ina daftari la wakazi, ina daftari la mikutano, ina vitabu vya michango. Daftari la mto haina. Kijiji kimekaa na mto miaka mia na zaidi, na habari za mto huo zimo katika vichwa vya watu wanaozeeka. Mzee akifa, anakwenda nazo kaburini. Hilo ndilo jambo tunalotaka wananchi walifikiri.

Wapo watakaosema kwamba mafuriko ni amri ya Mungu na mwanadamu hana la kufanya. Mvua ni ya Mungu, hapana ubishi. Lakini mahali pa kujenga zahanati tulichagua sisi. Mahali pa ghala la mpunga tulichagua sisi. Njia ambayo watoto watapita kukimbilia mlimani, kama ipo au haipo, ni kazi yetu sisi. Mungu ameleta mvua, naye ametupa macho ya kuona maji yalipita wapi mara ya mwisho. Mwenye macho asiyetazama hana wa kumlaumu.

Kwanza tuuelewe mto wenyewe. Rufiji ndio mto mkubwa kuliko yote katika Tanzania, na maji yake yanakusanywa kutoka karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unatoka nyanda za juu za kusini, unapita Usangu, kisha Mtera na Kidatu. Kilombero unapokea maji ya milima ya Udzungwa na ya nyanda za Mahenge na Njombe. Luwegu unatoka upande wa Ruvuma. Mito hiyo mitatu ndiyo inayoufanya Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji yake inaletwa na Kilombero peke yake.

Maana yake nini kwa mtu wa Utete au Mohoro? Maana yake ni kwamba mbingu ya Utete haimwambii habari zote. Jua linaweza kuwaka juu ya kichwa chake, naye akaanika mpunga wake kwa furaha, kumbe mvua iliyonyesha Ifakara na Mahenge imo njiani, inakuja polepole, siku baada ya siku. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini dalili ya mafuriko ya Rufiji mara nyingi ni mawingu ambayo Mrufiji hayaoni kabisa. Kwa hiyo habari lazima itoke kwa watu wa juu ifike kwa watu wa chini, na ifike kabla ya maji.

Jambo la pili, tusiwe kama wale wageni ambao wakitazama mafuriko huona msiba tu. Kwa Warufiji, maji hayo yamekuwa chakula tangu zamani. Mpunga hupandwa bondeni kabla ya mto kujaa, nao hukua pamoja na maji. Maji yakiisha kushuka, baada ya masika, watu hupanda mlao katika udongo ule uliolowa: mahindi, kunde, maboga na mengineyo, nayo hukomaa wakati wa kiangazi bila mvua nyingine. Maziwa ya pembeni, kama Ruwe, Zumbi, Uba na Mtanza, hupata maji mapya na samaki wapya mto unapofurika. Watu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakalinda mashamba humo wakilala juu ya maji. Mwaka ambao mto haukufurika kabisa ulikuwa nao ni mwaka wa shida, kwa sababu mlao ulikosa unyevu na maziwa yalikosa samaki.

Basi mtu wa bonde hakuwa mjinga aliyekaa mahali pa hatari kwa kutojua. Alikuwa mkulima aliyepiga hesabu. Alijua kwamba mafuriko ya kawaida yanamlisha, na kwamba mara moja moja huja mafuriko makubwa yasiyo ya kawaida, yanayochukua mpunga kabla haujavunwa na nyumba pamoja nao. Ujuzi wake ulikuwa katika kutofautisha hayo mawili. Na ujuzi huo haukuandikwa.

Waandishi wengine waliandika. Mwaka 1929 mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Bwana Telford, alitoa ripoti yake kuhusu kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wetu, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikamilisha uchunguzi mkubwa wa bonde zima, katika vitabu kadhaa. Mwaka 1975 liliundwa shirika letu wenyewe la kuendeleza bonde, RUBADA, nalo likapata ripoti zake. Vitabu hivyo viko Dar es Salaam, viko London, viko Rome. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Mto wa Warufiji umeandikwa mno, ila haukuandikwa mahali ambapo Mrufiji anaweza kufungua ukurasa akajua kama kiwanja anachotaka kujenga kiliwahi kufunikwa na maji.

Hatusemi vitabu hivyo havina faida. Tunasema kwamba vina vipimo vya mto mzima, na mwananchi anaishi katika kiwanja kimoja.

Sasa tuje kwenye historia ambayo wengi wetu tunaifahamu nusu nusu. Mafuriko makubwa yalikuja mwaka 1962, wakati nchi nyingi za Afrika Mashariki zilipokuwa zimetoka kwenye mvua kubwa za mwisho wa 1961. Yakaja tena 1968. Baada ya mafuriko hayo ya 1968 Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na watu wengi waliokuwa wakikaa wametawanyika bondeni walihamishwa kwenda kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Nia ilikuwa njema. Serikali ilitaka watu waokoke na maji, na ilitaka watoto wapate shule, wagonjwa wapate dawa, watu wapate maji safi. Wapo wengi leo waliosoma kwa sababu ya vijiji vile.

Lakini kusifu nia njema hakutuzuii kuzitazama hasara. Nyumba zilikwenda juu, mashamba yalibaki chini. Mkulima aliyekuwa akiamka na kulikuta shamba lake mlangoni sasa alitembea mwendo mrefu kulifikia. Nguruwe na ndege hawakuhama naye. Walibaki na mpunga. Mama mwenye mtoto mgongoni alilazimika kuchagua kukaa dunguni mbali na zahanati, au kukaa kijijini mbali na chakula. Wengine walirudi bondeni kimya kimya, kwanza kwa msimu, kisha kwa mwaka mzima. Mafuriko ya 1974 yalipokuja, bonde halikuwa tupu.

Kwa nini tunayakumbusha haya? Kwa sababu yana fundisho. Wakati ule viongozi waliyajua maji kama hatari, hawakuyajua vya kutosha kama riziki. Mstari uliochorwa ulikuwa mmoja: huku juu salama, kule chini hatari. Lakini bonde la Rufiji halina mstari mmoja. Lina vichuguu na tuta ambazo hubaki kavu mwaka hadi mwaka, na lina vijito vya zamani vinavyoonekana kama njia za ng'ombe wakati wa kiangazi, na ambavyo ndivyo vya kwanza kupitisha maji. Hata mto wenyewe hutembea: mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu ulielekea zaidi upande wa kaskazini wa delta, na mahali palipokuwa na maji ya chumvi watu wakapata maji baridi ya kulimia mpunga. Nani angeweza kuwaambia wakubwa mambo hayo, tuta kwa tuta na kijito kwa kijito? Wenyeji tu. Na wenyeji hawakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Walikuwa na maneno, na maneno ya mkulima mbele ya ramani ya mtaalamu mara nyingi hushindwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo jipya, nalo ni bwawa. Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, mahali palipokuwa pakiitwa Korongo la Stiegler. Mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme. Mitambo yote tisa ina nguvu ya megawati 2,115. Ni kazi kubwa ya taifa, na kila mpenda nchi anafurahi kuona maji yetu yakiwasha taa zetu. Lakini mtu anayeishi chini ya bwawa ana haki ya kuelewa bwawa linamfanyia nini.

Bwawa hili linaweza kuweka maji ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 30. Linaweza kuyapokea mafuriko ya kawaida likayameza, kisha likayatoa kidogo kidogo. Kwa hiyo yale mafuriko madogo ya kila mwaka, ambayo yalimlisha mkulima wa mlao na kujaza maziwa ya samaki, yatapungua, na sehemu kubwa ya matope yenye rutuba itatulia ndani ya bwawa. Lakini bwawa, hata likiwa kubwa namna gani, lina kimo chake. Likijaa, na mvua ikiendelea, maji yanayoingia lazima yatoke, la sivyo ukuta wenyewe utakuwa hatarini. Kwa hiyo mafuriko makubwa sana hayakufutwa. Yanaweza kucheleweshwa, yanaweza kupunguzwa, kufutwa hayawezi.

Tazameni hatari iliyomo hapo. Zamani mto ulimkumbusha mtu kila mwaka. Kila masika maji yalipanda mpaka kwenye kizingiti, na mtoto wa miaka saba alijua asiende wapi. Sasa inaweza kupita miaka mitano, kumi, kumi na mitano, maji yasipande. Mtoto atakuwa kijana bila kuyaona. Ataona bonde ni pakavu, ardhi ni nzuri, barabara iko karibu, naye atajenga nyumba ya matofali. Jirani atajenga. Litakuja duka, msikiti, kanisa, shule. Kisha siku moja bwawa litakuwa limejaa, na Kilombero utakuwa unaleta maji kwa nguvu, na milango itafunguliwa. Siku hiyo watakaokuwa njiani mwa maji watakuwa wengi kuliko mwaka 1968, na wenye kukumbuka watakuwa wachache.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuyaona haya katika Mto Tana. Huko juu yapo mabwawa matano yaliyojengwa mmoja baada ya jingine, kuanzia Kindaruma, lililomalizika 1968, mpaka Kiambere, lililomalizika 1988, na kubwa kuliko yote ni Masinga. Mabwawa hayo hayakuzuia watu wa Garissa na wa Kaunti ya Tana River kufurikwa mwaka 2018, wala mwaka 2024, mabwawa yalipojaa na maji kumwagika. Mwenye bwawa juu yake asidhani amepata bima.

Wataalamu wana msemo wa kupimia jambo hili, nao huwapoteza watu wengi. Husema: "Haya ni mafuriko ya miaka mia." Mwananchi akisikia hivyo hudhani kwamba yakija leo hayatarudi mpaka wajukuu wa wajukuu wake. Si hivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka uliotangulia, ipo nafasi moja katika mia ya maji kufika kimo hicho. Yanaweza kuja mwaka huu na mwaka ujao. Na ukijenga mahali pa namna hiyo ukakaa miaka 30, nafasi ya kufikiwa na maji hayo angalau mara moja ni kama robo. Ukikaa miaka 50, ni karibu nafasi mbili katika tano. Nani kati yetu angepanda chombo kwenda Mafia akiambiwa kwamba katika kila safari nne moja huzama? Lakini watu wanajenga nyumba za maisha yao yote kwa hesabu hiyo hiyo, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoielewa.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza kitu ambacho hakihitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Tunapendekeza kila kijiji cha bonde kifungue Daftari la Mafuriko, na kazi hiyo ianze katika mashina, chini ya mabalozi wa nyumba kumi, kisha imalizwe katika mkutano wa kijiji.

Kwanza, waitwe wazee, wanaume na wanawake. Wavuvi waitwe, wapiga kasia waitwe, na mama waliolima bondeni maisha yao yote waitwe, maana mara nyingi wao ndio wanaojua maji yalianza kuingia upande gani. Mzee asiulizwe tarehe. Wengi hawakuishi kwa tarehe. Aulizwe kwa mambo makubwa aliyoyapitia. Masika yaliyofuata Uhuru maji yalifika wapi? Hayo ni ya 1962. Masika ya mwaka uliofuata ule wa Azimio la Arusha je? Hayo ni ya 1968. Wakati wa kuhamia vijijini, 1974? Karibu na Vita vya Kagera? Mwaka wa El Nino, 1998? Kwa njia hiyo kumbukumbu hupata mwaka wake.

Pili, neno la mtu mmoja lisitoshe. Mmoja huongeza, mwingine hupunguza. Wakiwa watatu waliokuwa mahali mbalimbali wakaonyesha alama ile ile, iandikwe. Wakitofautiana, ziandikwe zote, na iandikwe kwamba wametofautiana.

Tatu, viandikwe vitu vinavyofaa kazi. Maji yalitokea upande gani? Yalipanda kwa siku ngapi, yalikaa kwa siku ngapi? Njia gani ilikatika kwanza? Watu walikimbilia wapi, na huko walipata maji ya kunywa? Mpunga ulikuwa katika hali gani, na mbegu zipi zilistahimili? Tuta lipi lilibaki kavu? Kisima gani kiliharibika?

Nne, alama ziwekwe mahali pa kuonekana. Kimo cha maji ya 2024 kichorwe kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa shule, kwenye nguzo, kwenye shina la mti mkubwa, na mwaka uandikwe kando yake. Mtoto akipita hapo kila siku akaona alama iko juu ya kichwa chake, hatahitaji hotuba. Na kazi ya alama za 2024 ifanywe sasa, maana matope ukutani yanaoshwa na mvua na nyumba zilizobomoka zinajengwa upya.

Tano, daftari lisomwe hadharani kila mwaka kabla ya masika, na nakala ikae shuleni, ili jambo hili lisiwe siri ya ofisi.

Tunajua kwamba wapo watakaopinga, na hoja zao tunaziheshimu. Wa kwanza atasema: tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa, tunayo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, wanapima mto kwa vyombo, daftari la wazee la nini? Tunajibu kwamba vyombo hivyo ni vya lazima na daftari haliwezi kuchukua nafasi yake. Lakini chombo kinapima maji mahali kiliposimikwa. Hakijui kwamba maji yakifika kimo fulani huingia katika kijito kilicho nyuma ya msikiti na kuizunguka shule kabla mtu hajaona kitu mbele yake. Kipimo cha mtaalamu kikikutana na alama ya kijiji, ndipo tangazo linapopata maana. Mtaalamu atasema maji yatafika kiasi hiki. Kijiji kitafungua daftari na kusema, kiasi hicho ni kile cha 1998, nyumba za upande huu ziondoke leo.

Wa pili atasema jambo zito zaidi, na tunajua linasemwa kwa sauti ya chini: "Tukiandika kwamba hapa panafurika, kesho tutafukuzwa bondeni, nao watakaokuja baada yetu watakuwa watu wenye fedha." Hofu hiyo ina historia, na hatumcheki mwenye nayo. Lakini tunamwomba afikiri. Mwaka 1968 watu walihamishwa bila daftari. Kutokuwa na daftari hakukuwakinga. Kulimaanisha tu kwamba hawakuwa na cha kuonyesha. Kijiji chenye daftari kinaweza kusimama mbele ya mkuu yeyote na kusema: tuta hili halijawahi kufunikwa katika mafuriko yote tuliyoyaandika, acheni watu wake, upande ule umefunikwa kila mara, tupeni viwanja vya juu kwa nyumba, lakini mashamba ya mlao yabaki yetu, kwa majina yetu. Hayo ni mazungumzo ya watu wanaojua. Asiyejua huhamishwa, anayejua hushauriana.

Na hapa tuseme wazi tunachotaka. Hatutaki watu waondolewe katika riziki yao. Tunataka watu walale juu na walime chini, na kati ya juu na chini iwepo njia inayopitika. Tunataka shule, zahanati na ghala la mbegu visijengwe tena mahali ambapo wazee wanajua kwamba samaki waliwahi kuvuliwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri kwa kulinda kingo, lakini mtu asidhani kwamba akikaa mita 61 ameokoka. Rufiji ukifurika haupimi mita 60, unaenea kwa kilomita.

Upande wa Serikali nao una deni. Wenye kuendesha bwawa watangaze mapema kila wanapokusudia kuongeza maji, na watangaze kwa Kiswahili cha mkulima. Kumwambia mtu wa Chumbi kwamba zitatolewa mita za ujazo elfu kadhaa kwa sekunde ni kumwambia kitu ambacho hawezi kukishika. Aambiwe: maji yatafika kesho kutwa, na yatapanda mpaka kwenye alama fulani. Tangazo hilo lipite redioni, kwenye simu, misikitini na makanisani, na kwa ngoma ya mbiu pale ambapo simu haipatikani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo zisingoje mpaka maji yawe magotini ndipo zikutane. Kazi yao ya kwanza iwe daftari hili.

Ndugu wananchi, Taifa letu lilipozaliwa tulitangaziwa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mto si adui wa nne. Mto umetulisha, na ukitunzwa utaendelea kutulisha. Lakini kutoujua mto wetu wenyewe ni ujinga ule ule tulioapa kuupiga vita, nao huwaita wale wenzake wawili: maji yakiisha kuondoka huja kuhara, na kuhara kukiisha huja njaa.

Huu ni wito kwa wanachama na kwa kila mpenda maendeleo katika Rufiji, Kibiti na mabonde mengine yote ya nchi yetu. Usingoje barua kutoka juu. Nunua daftari moja na kalamu. Nenda kwa mzee wa nyumba kumi zako, umsalimu, ukae, umuulize maji ya mwaka ule yalifika wapi. Nenda naye mpaka mahali penyewe. Kiangazi ndio wakati wa kazi hii, njia zikiwa kavu na wazee wakiwa na nafasi ya kutembea nasi.